Mpaka Mdogo Wangu Aolewe

Mdogo wangu alinipigia simu siku ya Jumamosi, nikiwa kazini, na kabla sijamsalimu akaanza kulia. Nilikuwa nimeshika miwani ya mzee mmoja wa Kibelgiji ambaye alikuwa ameilalia mpaka ikapinda. Nikamwomba radhi mzee, nikaingia nyuma ya pazia, kwenye kichumba tunachopimia macho.

"Mama amekataa," mdogo wangu akasema. "Anasema mpaka wewe kwanza."

Habari yake niliijua yote. Sisi ni Wahindi wa Tanga. Mezani tunasema Kigujarati, kwingine kote Kiswahili. Mdogo wangu alikuwa na mwenziwe Dar es Salaam, daktari wa meno, Mgujarati kama sisi, wa dini yetu, asiyekula nyama kama sisi. Hata mama, ambaye hukosoa mpaka jinsi jirani anavyoanika nguo, alimwona yule kijana mara moja akakosa la kusema. Wazazi wa kijana walitaka harusi iwe mwaka uleule kwa sababu babu yake alikuwa anaumwa na alitaka kuiona. Kizuizi kilikuwa kimoja tu, na kizuizi hicho kilikuwa Brussels, kinauza miwani mtaa wa Etterbeek. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, sina mume, sina mchumba, na wala sikuwa naona kwamba nimechelewa popote. Lakini kwetu mdogo hamtangulii mkubwa.

"Nitazungumza na mama," nikamwambia.

"Nimeshazungumza naye mimi, baba amezungumza naye, mpaka pujari wa hekaluni amezungumza naye. Dada, tafuta mtu. Hata wa kuazima. Muwe wachumba mpaka niolewe, kisha muachane. Watu wanaachana kila siku."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka, nami nikaelewa kwamba alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi.

Mtu wa kuazima nilikuwa namjua mmoja tu.

Jengo ninaloishi lina ghorofa sita na lifti ya zamani yenye mlango wa kuvuta kwa mkono. Miezi michache kabla ya simu ile, lifti ilikuwa imeharibika, nami nikawa napanda ngazi na mifuko yangu ya sokoni. Ghorofa ya tatu nikamkuta fundi amekaa kwenye ngazi anakula, simu ameibana kwa bega. Alikuwa Mhindi, na alichokuwa anakula ni zile chapati nyembamba za majani ya uwatu ambazo kila mama wa Kigujarati humfungia mwanawe akisafiri. Hilo peke yake lisingenisimamisha. Kilichonisimamisha ni lugha.

"Maman, minakula," alikuwa anasema kwenye simu. "Njo minakula sasa hivi. Juu ya nini nikudanganye?"

Nilitua mifuko. Nilikuwa nimekaa Brussels miaka tisa na sikuwahi kukutana na Mhindi anayemjibu mama yake kwa Kiswahili.

"Wewe wa wapi?" nikamuuliza.

Akaniangalia kwa mshangao, akafunika simu. "Lubumbashi. Na weye?"

"Tanga."

"Kumbe Mutanzania," akasema, na akanikatia nusu ya chapati bila kuniuliza kama nina njaa. Kisha akanibebea mifuko mpaka ghorofa ya tano.

Tangu hapo tulikuwa tunakunywa kahawa mara mojamoja. Kwao walikuwa na duka la vitenge, na ilitarajiwa kwamba yeye ndiye atalirithi. Baba yake alipofariki duka likauzwa, yeye akamchukua mama yake wakaja kuishi Schaerbeek, hapahapa Brussels, na akasomea ufundi wa lifti, kazi ambayo ndugu zake waliobaki katika biashara waliiona kama msiba wa pili. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Mwanamke mmoja wa Antwerp, anayeunganisha familia za Kihindi, alikuwa anamtumia mama yake karatasi za wasichana kwa simu kila wiki: picha, urefu, elimu, anakula nini na hali nini, baba yake anafanya kazi gani. Mama mtu alizisoma zote kwa sauti wakati wa chakula cha jioni.

Kwa hiyo nilimwita tukutane kwenye mkahawa mmoja ndani ya Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Wakongo, kati ya saluni mbili za kusuka. Nikamweleza shida ya mdogo wangu na wazo lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Akakoroga kahawa yake muda mrefu.

"Bon," akasema. "Hata mi itanisaidia. Maman atapumzika na bile bikaratasi."

"Si jambo la mzaha."

"Sijacheka."

Tukapanga masharti. Tusiseme uongo zaidi ya ule unaohitajika. Tusipokee dhahabu kwa mtu. Na mwisho ni harusi ya mdogo wangu. Baada ya hapo tutangoja wiki mbili, tatu, kisha tutasema hatukuelewana.

"Sasa nani atamwacha mwenziwe?" nikamuuliza.

"Weye uniache mi. Sema nakunywaka pombe."

"Unakunywa?"

"Hapana. Lakini bantu bataamini."

"Siwezi kukusingizia ulevi."

"Basi sema niko muchoyo."

"Mtu aliyenipa nusu ya chakula chake kwenye ngazi?"

Msusi wa saluni ya pili, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akipunga upepo na kutusikiliza waziwazi, akasema tuseme tumeshindwana kuhusu mahali pa kuishi. Hiyo haimchafui mtu yeyote. Tukaona ana akili kuliko sisi, tukakubali.

Uchumba ukafungwa Jumapili moja nyumbani kwa mama yake Schaerbeek. Kwetu Wagujarati uchumba hufungwa kwa kulishana sukari guru iliyochanganywa na mbegu za giligilani. Simu ilisimamishwa juu ya friji ili mama na baba waone kutoka Tanga. Mama alikuwa amevaa sari ya hariri kana kwamba yuko chumbani pamoja nasi. Kigujarati cha mchumba wangu kilikuwa kidogo na kibovu, kwa hiyo akamsalimia kwa lugha aliyokuwa nayo.

"Mama, minasikia furaha mingi kukuona."

Mama akanigeukia mimi kwa Kigujarati. "Huyu Kiswahili amefundishwa na mapadri?"

"Ndivyo wanavyosema kwao, mama."

"Amwambie mama yake anisalimie, nisikie."

Mama yake akainama mbele ya friji. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuuza vitenge sokoni. "Jambo maman! Mutoto yako eko muzuri sana. Njo vile tu minakuambia, eko muzuri sana." Na mama yangu, anayejivunia Kiswahili chake cha Tanga kuliko vyombo vyake vya fedha, akasahau kusahihisha. Wakazungumza dakika arobaini. Sisi wachumba tulikaa kwenye kochi na sukari guru inatuyeyukia vidoleni.

Walipomaliza, mama yake akaingia chumbani, akarudi na bangili. Ilikuwa yake mwenyewe, ya harusi yake, imechakaa upande wa ndani kwa kuvaliwa. Nilimtazama mwanawe. Hakuwa ameambiwa, uso wake ulikuwa mwekundu. Nilisema, "Maman, hii siwezi kupokea." Akanishika mkono kama anayemvalisha mtoto shati, akaipitisha bangili kwenye vifundo vyangu. "Usibishe," akasema. Ndivyo sharti la pili lilivyovunjika siku ya kwanza.

Baada ya siku nne mama alimruhusu mdogo wangu aposwe.

Miezi iliyofuata nilienda Schaerbeek kila Jumapili, kwa sababu mchumba asiyeonekana huulizwa maswali. Mama yake alinifundisha kupika sombe, ambayo ni kisamvu chetu, kwa karanga bila samaki, kwa vile nyumbani mwao hamkuingia nyama wala samaki. Alinisimulia Lubumbashi, wanawake waliokuwa wakija dukani kuchagua vitenge kwa saa tatu na kuondoka bila kununua, na jinsi alivyowapenda wote. Nilianza kujiona mnafiki nikiwa njiani kwenda, na nikisha kufika nasahau.

Jumamosi moja mchana mwanawe alinichukua kuona chumba cha mashine juu ya jengo moja refu analolihudumia. Nilikuwa nimemwambia kwamba naogopa lifti. Kila nikiingia nahesabu ghorofa kimyakimya. Hakunicheka. Alinionyesha kamba za chuma moja baada ya nyingine, uzito unaoshuka wakati sisi tunapanda, na breki zinazoshika zenyewe kamba zote zikikatika. Alizungumza kwa Kifaransa pale Kiswahili chake kilipokosa maneno, na alizungumza polepole kwa sababu alitaka nielewe, na mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Dirisha dogo la chumba kile lilionyesha mapaa ya mji mzima mpaka ule ukungu wa mbali. Aliponiuliza, "Sasa bado unaogopa?" nilijibu kwamba naogopa kidogo. Sikuwa nazungumzia lifti, lakini sikumwambia.

Harusi ya mdogo wangu ilifanyika Tanga. Mchumba wangu hakuweza kuja. Ilikuwa zamu yake ya kuitwa wakati wowote watu wakikwama kwenye lifti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya jamaa kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, na nilikuwa na majibu ya uongo ya kutosha. Shangazi wa kwanza akaniuliza, "Haya, mtu mwenyewe yukoje?"

Nikasema ni mtu anayempigia mama yake simu kila mchana kumwambia amekula. Nikasema akitengeneza kitu hukikagua mara mbili, kisha hurudi njiani kukikagua mara ya tatu. Nikasema ni mchekeshaji lakini hajui kuwa ni mchekeshaji. Shangazi wa pili naye akauliza, nikaongeza mengine. Ilikuwa siku ya pili, tunapaka hina, nilipogundua kwamba tangu nifike sijatumia hata jibu moja kati ya yale niliyoandaa. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Mdogo wangu, mikono imejaa hina, aliniangalia kwa jicho la pembeni.

"Dada," akanong'ona, "unajua kwamba huyo umeazima tu?"

"Najua."

"Haya," akasema, na akaendelea kukausha mikono.

Niliporudi, mchumba wangu alikuwa ananingoja uwanja wa ndege wa Zaventem na koti langu zito mkononi, kwa sababu alifikiri nitakuwa nimesahau baridi. Nilimwambia hapakuwa na haja, hakuna ndugu wa kutuona pale. "Minajua," akasema. Tukapanda treni.

Kisha tukatimiza ahadi. Sijui kwa nini hakuna kati yetu aliyesema tusitimize. Nadhani kila mmoja alimwona mwenziwe ni mtu wa neno lake na hakutaka kumwonea. Wiki ya tatu nikampigia mama, nikasema tumeshindwana kuhusu mahali pa kuishi. Mama hakugomba. Aliuliza kama nimekula, akasema nipumzike. Ingekuwa afadhali angegomba. Nikaenda Schaerbeek kurudisha bangili. Mama yake akaipokea, akaifunga kwenye leso, na akanifungia chakula cha kwenda nacho, na machozi yakimtoka bila sauti. Mwanawe alikuwa amesimama jikoni, ametupa mgongo.

Wiki zilizofuata nilifanya kazi vizuri sana. Hakuna mzee wa Etterbeek aliyewahi kupimwa miwani kwa uangalifu kama wakati ule.

Mwezi haujaisha, mama yake akaingia dukani.

"Sikuya kugombana," akasema kabla sijafungua mdomo. "Miwani yangu inateleza."

Kumpima mtu miwani ni lazima umkaribie uso kwa uso na umguse nyuma ya masikio. Hakuna pa kukwepesha macho. Nikiwa bado nampima akasema, "Mwana yangu eko anakula mubaya. Weye unakula?"

"Ninakula, maman."

"Bongo," akasema, ambayo kwao maana yake ni uongo. "Alikupiga?"

"Hapana. Kamwe."

"Alikutukana?"

"Hapana, maman. Ni mtu mwema."

"Donc, ni nini?"

Nikamsogezea trei ya fremu mpya. Akachagua fremu nyekundu ambayo sikumtegemea kuichagua, akajitazama kwenye kioo, akaridhika. Mlangoni akanigeukia. "Itakuwa tayari lini?" Nikamwambia Ijumaa. "Mi sitakuya. Miguu inauma. Mwana yangu atakuya kuchukua."

Alikuja Jumatatu, saa sita mchana, duka likiwa tupu.

"Maman alisema miwani iko tayari."

"Iko tayari tangu Ijumaa."

"Minajua. Ijumaa nilifika mpaka pale kwa tramu, nikarudi." Aliweka mikono mezani, akaitazama. "Tulisema mpaka mudogo wako aolewe. Ameolewa. Ile yetu imekwisha, ilikuwa ya mudogo wako. Hii ingine si ya mudogo wako."

"Ni ya nani?"

"Ni ya mi. Sijue kama ni ya weye pia."

Kulikuwa na mteja anavuta mlango. Nilimwambia haraka, kwa sauti ya chini, kwamba ni yangu pia, na kwamba tunafunga saa kumi na mbili na nusu. Kisha nikamgeukia mteja na kumuuliza kwa Kifaransa nimsaidie nini, na nadhani nilimuuliza mara mbili.

Hapo ndipo ukaanza wakati wa ajabu kuliko yote. Tulipokuwa wachumba wa uongo tulitembea mbele ya kila mtu, tulipigwa picha, tulilishwa. Sasa tulipopendana kweli, tulijificha. Tungemwambia nini mtu? Kwamba tumeachana mwezi uliopita na sasa tunajuana upya? Tulipanda tramu ya arobaini na nne kupitia msituni mpaka Tervuren, kwa sababu tuliamini hakuna Mhindi wala Mkongomani tunayemjua atakayekwenda kutembea kwenye matope kwa hiari yake. Siku moja tulimwona jirani wa mama yake kwenye kituo, mwenzangu akavuta kofia mpaka puani, mimi nikasoma ratiba ya tramu kwa makini kama mtu anayeisomea mtihani. Watu wazima, mmoja wetu ana mvi. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu utotoni.

Ilidumu hivyo mpaka Jumapili moja asubuhi. Alikuwa amekuja kunipikia chapati zile za uwatu. Simu ikaita, nikaona ni mama, nikaipokea nikidhani ni ya sauti tu, kumbe ni ya picha. Tukaongea habari za mvua, za baba, za mdogo wangu kwake. Kisha mama akasogeza uso wake kwenye simu.

"Huyo nyuma yako anayegeuza chapati ni nani?"

"Fundi," nikasema.

"Fundi wa nini? Wa chapati?"

Mwenzangu akageuka, mwiko mkononi. Nilikuwa nimemfundisha neno moja la heshima la kwetu, na alilikumbuka wakati huo. "Shikamoo, mama."

Kutoka pembeni, mahali ambapo kamera haikufika, nilimsikia baba akicheka. Mama hakucheka. Akangoja. Nami nikamweleza yote, tangu simu ya mdogo wangu, Matonge, masharti, sukari guru, mpaka asubuhi ile. Nilizungumza muda mrefu na hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo ile siku nilivaa sari ya hariri," akasema mwishowe, "mlikuwa mnanichezea."

Akakata simu. Siku nane hakuipokea. Mdogo wangu naye alikaripiwa, mke wa mtu tayari, na aliniambia kwamba alistahili.

Kwa mama wa mwenzangu hali haikuwa nyepesi. Mwanawe alimwambia siku ileile. Mama mtu alivua ile miwani nyekundu, akaifuta, akaivaa tena. "Hata ile bangili, nilikuvalishia bongo?" aliuliza, akimtazama mwanawe kana kwamba ndiye mimi. Nilikwenda kumwomba msamaha mwenyewe. Alinifungulia mlango, akanikalisha, na hakuzungumza nami kwa muda wa kutosha kuchambua sufuria nzima ya sombe. Kisha akanisukumia nusu ya majani ili nimsaidie, nikaelewa kwamba nimeruhusiwa kubaki.

Na kumbe yeye na mama yangu walikuwa hawajaacha kupigiana simu. Sisi tuliachana, wao hawakuachana. Kila Jumatano walikuwa wakizungumza, wakituhurumia, wakitafuta namna ya kuturudisha pamoja. Ule mpango wa miwani inayoteleza ulikuwa wa mama yangu.

Siku ya tisa mama alipiga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Nataka nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu," akasema. "Unajua kwa nini nilikataa mdogo wako akutangulie?"

"Maneno ya watu."

"Watu waseme wanavyotaka. Ni kwa sababu ya mama yako mkubwa."

Mama mkubwa ni dada yake, anayeishi nasi Tanga tangu kabla sijazaliwa. Hakuolewa. Ndiye aliyenifundisha kusoma, na anaongoza nyumba ile kama nahodha.

"Mimi nilimtangulia," mama akasema. "Baba yako alikuja, nikataka, wakaniozesha, dada yangu yuko ndani. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena. Miaka arobaini ninamwona mezani na ninajua ni mimi. Niliapa kwamba kwangu haitatokea. Sikuwa nakulazimisha uolewe. Nilikuwa nakulinda usirukwe."

"Mama, hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulinidanganya, ndiyo njia uliyoona fupi."

Tulilia kidogo, yeye kule, mimi huku. Na katikati ya kilio hicho mama mkubwa, ambaye kumbe alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo, akaichukua simu mikononi mwa mdogo wake.

"Nini hiki?" akaniuliza. "Mama yako anasema alininyima mume? Mtu mwenyewe waliyekuwa wananitafutia alikuwa yule wa Korogwe, mwenye kinu cha mkonge, anayepiga kelele hata akisema asante. Mama yako alipoolewa wote wakanisahau, nikalala usingizi mzuri wa kwanza. Miaka arobaini namshukuru." Halafu nikamsikia akimgeukia mama. "Wewe ulikuwa unajilaumu wakati mimi nakushukuru. Tungeulizana mapema, mjinga wewe."

Sikuwasikia tena kwa dakika kadhaa. Walikuwa wanacheka na kulia pamoja, simu wameilaza kwenye kitanda inaonyesha dari.

Mama alisema hatatoa ruhusa kwa simu tena. Simu imeshamdanganya mara moja. Akaja Brussels mwenyewe, mwezi wa tano, mara yake ya kwanza kuvuka bahari, na sanduku moja la nguo na mawili ya viungo. Mama wa mwenzangu alisimama mbele kabisa Zaventem, amevaa miwani nyekundu. Walikumbatiana kama watu waliopotezana tangu shuleni. Nyumbani Schaerbeek walirudia sukari guru, na safari hii mama yangu alisimama mbele yetu mpaka akahakikisha tumemeza. Tulifunga ndoa Jumamosi kwenye ofisi ya wilaya ya Schaerbeek, na jioni yake pujari mmoja kutoka Antwerp akatusomea ya kwetu katika ukumbi wa kukodi. Mama mkubwa alikuwa mstari wa mbele, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji.

Mama alikaa miezi miwili. Wiki ya kwanza alimsahihisha mama mkwe wangu kila sentensi. Si mutoto, ni mtoto. Si bukari, ni ugali. Wiki ya sita nilimsikia jikoni akimuita mume wangu: "Kuya ule, bukari inapoa." Nilichungulia. Hakuwa ametania. Alikuwa ameshika mwiko, anamngoja, na mume wangu alikuwa ananawa mikono haraka ili asimcheleweshe.